Mkono Uliofungwa Kitambaa

Mlango wa nyumba ya mama ulikuwa wazi, na kilichonipokea hakikuwa udi wala kafuri. Ilikuwa harufu ya makumbi. Aliyekulia Mchinga anaijua: makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope la ufukweni miezi mingi, yakafukuliwa, yakapondwa, yakaanikwa juani, na bado yananuka kama yai viza. Udi ulikuwa umewashwa, tena mwingi, na wanawake wa mtaa walishajaa barazani na ukumbini. Lakini harufu ya kazi ya mama ilikuwa imeingia kwenye kuta za nyumba ile zamani, haikuwa na mpango wa kumpisha mtu. Nikasema moyoni, haya bwana, amekufa na bado anatawala.

Nilikuwa nimetoka Lindi asubuhi ile ile, baada ya simu. Njiani sikulia. Mimi si mtu wa kulia ovyo, na hilo nalo nimelirithi kwake. Tangu napanda basi nilikuwa nimeshaamua jambo moja: mama yangu nitamwosha mwenyewe. Ningeulizwa sababu nisingeijua. Nilijua tu kwamba hakuna mtu angenitoa kwenye chumba atakachooshewa.

Mtu wa kunitoa alikuwa amesimama mlangoni pa chumba hicho. Mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja, ndiye mwoshaji wa wanawake kijijini kwetu tangu mimi sijazaliwa. Kanga ameifunga kifuani, mikono ya gauni ameikunja, macho makavu. Kazi kwanza, kilio baadaye, ndivyo alivyo.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

"Nataka kumwosha."

Aliniangalia juu mpaka chini, akauvuta mlango wa chumba nyuma yake. Nilijua kinachokuja. Mama mkubwa ana sharti lake: mwenye kinyongo na maiti haingii chumbani kwa maiti. Sijawahi kulisikia sharti hilo katika darasa lolote la dini, lakini kwake ni sheria, na sijaona mtu aliyebishana na Mama mkubwa akashinda.

"Somoe," akasema, "umemridhia mama yako?"

Lilitakiwa neno moja tu. Ndiyo. Mtu yeyote mwenye akili zake angelisema, akaingia, mambo yakaisha. Wanawake waliokuwa karibu wakanyamaza kulisubiri neno lenyewe. Nikafungua mdomo, mdomo ukakataa.

"Sitaki kukudanganya, Mama mkubwa."

"Astaghfirullah," mtu mmoja akanong'ona nyuma yangu.

Mama mkubwa hakunigombeza. Alifikiri kidogo, akasema, "Maji hayajapata moto. Nenda uani ukakae. Yakiwa tayari nitakuita, uje na jibu. Lakini usiniweke, wanaume wanataka wamswalie baada ya adhuhuri. Siwezi kumchelewesha marehemu kwa ajili yako."

Basi nikaenda uani. Palikuwa na robota la usumba karibu na ukuta, zile nyuzi zinazotoka kwenye makumbi, na pembeni yake vifundo vya kamba vimepangwa vizuri. Nikakaa juu ya kinu kilichoinamishwa, nikachukua kifundo kimoja, nikakipitisha vidoleni bila kufikiri. Vidole vyangu vikashtuka kabla yangu. Kamba ilikuwa imesokotwa kinyume. Nikachukua kingine, kinyume. Nikasema, maskini, kuna mtoto wa jirani hapa ana mashoto, na mama amemfundisha kazi. Nilimwonea huruma mtoto huyo nisiyemjua, maana mtoto wa namna hiyo nilishawahi kuwa mimi.

Nilizaliwa na mashoto. Kijiko, jiwe, ufagio, kila kitu mkono wa kushoto ulikuwa wa kwanza kufika. Nyie wa rika langu mnakumbuka ilivyokuwa: kushoto ni kwa chooni, kulia ni kwa watu. Hakukuwa na mjadala. Baba alikuwa ameondoka kwenda Kilwa kutafuta kazi, akaitafuta moja kwa moja, hakurudi. Mama akabaki na mimi na makumbi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini isiyorudia jambo. Sikumbuki kuona meno yake kwa kicheko. Sikumbuki kuambiwa "umefanya vizuri". Nikifanya vizuri alinyamaza, na huo ukimya ndio uliokuwa zawadi.

Mambo yalianzia kwenye hitima ya nyumbani kwetu. Alikuja mgeni kutoka Lindi mjini, jamaa wa upande wa baba, mzee mwenye kanzu iliyonyooka. Nikapewa sahani ya wali nimpelekee. Niliibeba kwa furaha zote, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kuaminiwa kupeleka chakula kwa wanaume, na nikamnyooshea kwa mkono wangu hodari. Yule mzee akaurudisha mkono wake nyuma kama aliyeona moto.

"Ebo! Kwani mtoto huyu hafunzwi nyumbani?"

Hakusema kwa kunong'ona. Ukumbi mzima ulisikia, na nyuma ya pazia mama alisikia. Mtu mwingine akaongeza, "Ndiyo malezi ya upande mmoja hayo." Nilisimama pale na sahani yangu mpaka mtu akaja kuninyang'anya. Mama hakunichapa. Heri angenichapa. Siku hiyo yote hakunitazama.

Kesho yake asubuhi aliniita, akachana kipande cha kanga kuukuu, akaufunga mkono wangu wa kushoto, ngumi yote, mpaka ukawa kama kifurushi. Kifundoni akazungusha kamba ya usumba, akakaza. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Asubuhi anafunga, jioni wakati wa kuoga anafungua. Nilijifunza kula kwa mkono wa kulia, uji ukinimwagikia kifuani, na kila tone mama aliliona. Watoto wa mtaani wakanipa jina. "Kifurushi! Kifurushi njoo tucheze!" Nilikwenda kucheza. Ningefanyaje?

Wakati huo huo ndipo nilipoanza kufundishwa kusokota. Mnajua kamba ya usumba inavyosokotwa: unaweka nyuzi juu ya paja la kulia, unazisukuma kwa kiganja cha kulia, mkono wa kushoto unashika tu ncha. Mama alikuwa akinifungua mkono kwa ajili hiyo, ili ushike ncha, basi. Kamba yangu ilitoka na matumbo, hapa nene, hapa nyembamba. Mama anaitazama, anaifumua, ananirudishia nyuzi. Haongei.

Sasa mimi nina kichwa kigumu. Nikajiambia, ngoja nimwonyeshe. Nikawa naiba usumba, najificha nyuma ya choo, naufungua mkono kwa meno, nasokota kwa kushoto juu ya paja la kushoto. Jamani, ile kamba ilikuwa nzuri! Nyembamba, imekaza, sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Kila nikipata nafasi nikaongeza, mpaka nikapata kifundo kizima, nikakichomeka katikati ya vifundo vya mama vya kuuza. Nilikuwa na hesabu yangu ya kitoto: mnunuzi atakisifia, atauliza kimesokotwa na nani, nitajitokeza, na mama ataona kwamba mkono ule haukuwa na ubaya wowote.

Mnunuzi alikuwa fundi wa vitanda, mtu mcheshi. Alikaa pale pale uani, akachukua kamba kadhaa azisuke pamoja aone uimara wake. Ya kwangu ikawemo. Kilichotokea mtoto hawezi kukijua kabla hajakiona: kamba iliyosokotwa kwa kushoto imejipinda kinyume cha wenzake, kwa hiyo wenzake wakikaza yenyewe inafunguka. Palepale mkononi mwake ikalegea, ikawa manyoya.

"Bi Fatu!" akacheka mpaka akajishika mbavu. "Hii kasokota nani, jini?"

Mama alikinyanyua kifundo changu. Hakuuliza. Alikifumua chote mbele ya yule fundi, polepole, uzi kwa uzi, mpaka mapajani mwake pakawa na rundo la usumba. Akaliweka mbele yangu. "Rudia. Kwa mkono wa watu." Kisha, fundi alipoondoka, akanishika ule mkono wa kushoto, akautikisa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipandisha sauti.

"Mkaidi huu! Iko siku nitaufukia na makumbi mpaka ulainike!"

Mtu mzima anajua hayo ni maneno ya hasira. Mimi niliyapokea kama habari. Na nikiyafikiria leo naona mtoto yule hakuwa mjinga, alikuwa na ushahidi wote. Kumbi la nazi ni gumu, hukati kwa kisu. Mama analifukia kwenye tope, analikandamiza kwa mawe, analiacha, na siku ya kulifukua limekuwa laini, linatii. Mkono wangu ulikuwa mgumu. Basi mkono wangu ungefukiwa. Sikujua kama ningefukiwa nao nikae pale ufukweni maji yakijaa na kupwa, au ungetolewa kwanza kwa njia fulani. Hilo sikuthubutu kuuliza.

Nilimwuliza Mama mkubwa la pembeni. "Makumbi yakifukiwa yanaumia?"

"We mtoto una maswali!" akacheka. "Hayaumii. Yanalala tu."

Jibu lile lilinituliza kidogo. Jioni, mkono ukifunguliwa, nikawa nauzoesha habari. Nauambia, utalala tu, utaamka. Kilichonitia wasiwasi kilikuwa kingine. Pale ufukweni mashimo yalikuwa mengi, kila mwanamke na lake, na kila mmoja alichomeka kijiti chenye kipande cha kanga yake ili asije akafukua la mwenzake. Ugomvi wa mashimo haukuisha. Je, mkono wangu ukichanganyika na makumbi ya mtu? Makumbi yaliyotoka topeni yote ni meusi, yote yanafanana. Palipokuwa na harusi jirani nikaokota hina iliyobaki kwenye kibakuli, nikajificha nyuma ya choo changu, nikaupaka mkono wa kushoto, vidole vyote, na duara katikati ya kiganja. Kitambaa kikaficha. Sasa hata ukipotea, mama atautambua.

Siku ikafika. Maji yalikuwa yamepwa, wanawake wametawanyika ufukweni na makapu, na mama akaniambia, "Leo twende wote." Nilitembea nyuma yake. Tulipofika shimoni alichuchumaa, akanivuta, akaanza kufungua kile kitambaa. Alikuwa anakifungua kisije kikachafuka na tope. Mimi sikujua. Mimi nilijua wakati umefika.

Nitawaambia ukweli, ninajivunia yule mtoto mpaka leo. Hakukimbia. Alipiga magoti mwenyewe, akakaza roho, akauzamisha mkono wa kushoto topeni mpaka kiwikoni, akafumba macho.

"Niko tayari, mama."

"Tayari kwa nini?"

"Fukia."

Wanawake wa mashimo ya jirani wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Nilifumbua jicho moja nikamwona amesimama, kapu mkononi, midomo imefungana.

"Nani kakwambia utafukiwa?"

"Wewe."

 Mama akaweka kapu chini, akanishika kiwiko, akautoa mkono, tope likatoa sauti ya kunyonya. Akanipeleka kwenye mfereji wa maji ya bahari akauosha. Aliosha kiganja, akaosha katikati ya vidole, akaiona hina. Akaisugua akidhani ni tope, haikutoka.

"Hii nini?"

"Hina. Nimeupaka usije ukapotea."

Mama akaendelea kuosha. Mkono ulikuwa umeshatakata, mimi mwenyewe niliona, na bado anaosha, kidole kimoja, kingine, anarudia. Nilimkodolea macho usoni. Nilijua sasa atasema. Sikujua atasema nini, lakini mtoto anajua kabisa wakati neno linapokuwa karibu kutoka. Akaukausha kwa pindo la kanga yake. Akauangalia. Halafu akachukua kile kitambaa, akaufunga tena, akazungusha kamba, akakaza kama siku zote.

"Lete kapu," akasema.

Hilo ndilo nililoshindwa kuliridhia. Kupigwa nilipigwa na wengine, nimesahau. Kuchekwa nilichekwa. Lakini kuosha namna ile halafu kufunga tena, lile lilinikaa moyoni mpaka nimekuwa mtu mzima. Angenicheka ningemridhia. Angenipiga ningemwelewa.

Mkono wa kulia ulijifunza. Nikaandika kwa kulia, nikala kwa kulia, kitambaa kikaachwa, nikakua, nikaolewa, nikafungua kibanda changu cha kushona Lindi. Mkasi tu ndio uliokataa. Mkasi naushika kwa kushoto mpaka leo, wateja wananitania, nami nawaambia wakae kimya nisije nikakata gauni lao kombo. Na nilipokuwa na watoto wangu nilianza kuelewa baadhi ya mambo. Mwanamke aliyeachwa peke yake kijijini, kila kosa la mtoto ni lake, kila mtu anahesabu. Yule mzee wa kanzu hakunisema mimi, alimsema mama. Mama aliogopa macho ya watu kuliko alivyoogopa njaa. Naelewa. Kuelewa ni jambo moja na kuridhia ni jambo jingine, na la pili nilikuwa sina.

Mwaka jana akapigwa na kiharusi. Kikachagua upande wa kulia. Nilipopewa habari nilishika mdomo. Nikaja Mchinga nikamkuta Mama mkubwa anamlisha kama mtoto, tonge kwa tonge, na mkono wa kushoto wa mama umelala mapajani, mzima kabisa.

"Mkono anao," nikasema. "Kwa nini asile mwenyewe?"

Ulimi ulikuwa mzito lakini jibu likatoka. "Mimi si mnyama."

 Nikachukua sahani ya pili, nikakaa mkekani mbele yake, nikanawa, nikala wali wote ule kwa mkono wa kushoto. Mara yangu ya kwanza ndani ya nyumba ile tangu nifungwe kitambaa. Sikuwa na haraka. Tonge, samaki, tonge. Mama alinitazama muda wote bila kupepesa.

"Hata mbele yangu, Somoe?"

Akageuza uso ukutani. Ukiondoa salamu za kwenye simu, hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyopata kwake.

"Somoe! Maji tayari!"

Nikaweka kifundo cha kamba chini, nikajifuta magoti, nikaingia ndani.  Mama mkubwa alikuwa palepale mlangoni.

"Haya. Umemridhia?"

"Bado. Nisikufiche. Nimekaa pale nimetafuta, sijaipata hiyo radhi." Nikamsogelea. "Lakini sikai nje. Huyu ni mama yangu. Nitamwosha, na radhi nitaitafuta humo humo nikimwosha. Ukinizuia nitakaa hapa mlangoni, na jeneza litapita juu yangu."

Mtu mwingine akasema "Ee Mola." Mama mkubwa alinitazama mpaka nikadhani atanizaba kofi.

"Kichwa kama cha marehemu mwenyewe," akasema hatimaye. "Ingia. Mkono wako uwe mwepesi tu. Mwenzio hawezi tena kusema anaumia."

Chumbani mama alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa shuka, na chini yake mfuo umechimbwa, ule mtaro wa kupokea maji. Alikuwa mdogo. Sikutegemea udogo ule. Mama mkubwa akachana kipande cha nguo nyeupe. Siku hizi waoshaji wengine huvaa glavu, yeye hataki kusikia.

"Lete mkono."

Nikanyoosha wa kulia.

"Wa kushoto, mwanangu. Kazi ya kwanza ni ya kushoto."

Nilikuwa sijui. Nimehudhuria misiba mingapi, sikuwahi kuwa mwoshaji. Kumbe maiti hukalishwa, mgongo wake ukaegemea goti lako, mkono wa kulia ukamshika bega, na wa kushoto ndio unaopita tumboni kukamua taratibu, na wa kushoto huo huo, umefungwa kitambaa, ndio unaozitakasa sehemu zake za siri. Huduma ya kwanza kabisa anayofanyiwa mtu akitoka duniani. Mama mkubwa akauzungusha mkono wangu kitambaa, kiganja chote mpaka kifundoni, akafunga.

"Nimekaza sana?"

 Swali hilo sikuwahi kuulizwa maishani mwangu. Nikatikisa kichwa.

Nikamkalisha mama. Akaniegemea, uzito wake wote, jambo ambalo akiwa hai asingelifanya. Nikaupitisha mkono wangu wa kushoto, ule adui wake, tumboni mwake, polepole, Mama mkubwa akimimina maji. Nikamtakasa. Kitambaa kile tukakitupa, akanifunga kingine. Tukaanza viungo, upande wa kulia kwanza. Mkono wake wa kulia, ule wa watu, ulikuwa umelainika kwa kukaa bure, ngozi imekuwa kama ya mtoto. Tukahamia kushoto. Nikakipitisha kitambaa kwenye kiganja chake kikakwama.

Nikakitazama kiganja. Kilikuwa na sugu. Ngumu, mpya, na kwenye kidole gumba mikato midogo midogo, ile ya usumba, ambayo mtu anayesokota tu ndiye anayo.

"Mama mkubwa. Mkono huu umefanya nini?"

Hakuacha kumimina. "Ulikuwa unasokota."

"Nani anasokota?"

"Mwenyewe. Tangu siku ile uliyokula mbele yake. Anafunga ncha kwenye tendegu la kitanda, anasokotea paja la kushoto. Akisikia mtu mlangoni anaisukuma chini ya mto. Usumba namletea mimi, na aliniapisha nisimwambie mtu. Vile vifundo vya uani vyote vyake."

"Na kula?"

"Namwachia sahani, natoka. Nikirudi tupu. Namwuliza umekula na nani, ananiambia paka." Mama mkubwa akajifuta uso kwa bega. "Nami nasema, paka huyo ana njaa kweli."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti mbele ya maiti, Mungu anisamehe, na kicheko kikageuka kilio kabla sijakishika. Mimi nyuma ya choo, yeye chini ya mto. Mama yangu, mtu mzima, kajificha ndani ya nyumba yake mwenyewe ili ale wali wake. Sikuona hapo msamaha wala ujumbe. Hakuniachia neno, na najua angeishi miaka mingine asingeniachia. Lakini nilimwona akisikiliza mlango, moyo ukimdunda, na moyo ule niliujua, niliubeba utoto mzima. Nilimwonea huruma kama nilivyomwonea huruma mtoto wa jirani kule uani. Kinyongo kilitafuta pa kushika, hakikupata.

Nikauosha mkono ule. Kiganja, katikati ya vidole, kidole kimoja, kingine. Ulikuwa umeshatakata nami bado naosha, na Mama mkubwa alimimina tu, hakunihimiza.

"Nimekuridhia, mama," nikasema. Nikarudia kwa sauti, nao walioko ukumbini wasikie, kwa sababu wamesikia na lile la kwanza.

"Alhamdulillahi," akasema Mama mkubwa. "Mgeuze."

Tukamaliza. Tukamkausha, tukamtia kafuri, tukamvika sanda. Nje wanaume walikuwa wameshaanza kukohoa kwa kusubiri. Mama mkubwa akanifuata anifungue kitambaa, nami nikautoa mkono pembeni.

"Niachie, nafungua mwenyewe."

Zamani nilikuwa nafungua kwa meno. Safari hii nilikaa kando ya mama yangu, nikalishika fundo kwa mkono wa kulia, ule alioufundisha yeye, nikalifungua taratibu.